Dakika Moja na Nusu Mbele ya Kamati: Niliyojifunza Nikipinga Muswada wa Bunduki

Mama alinyamaza siku tatu nilipomwambia nimenunua bastola. Sisi tulitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa sababu ya bunduki, tukavuka ziwa usiku, na mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako tairi likipasuka barabarani watu wazima walikuwa wanalala chini. Siku ya nne akaniuliza, "Mwanangu, kilichotufukuza kwetu ndicho umekileta ndani?"

Nilimweleza kwamba mlango wangu ulikuwa umevunjwa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa ndani na mtoto, tumejifungia chooni, nimembana mdomo asilie. Polisi walipofika, yule mtu alikuwa ameshaondoka zamani. Mama hakukubaliana nami, na hadi leo hajakubali. Lakini alielewa.

Naishi Kent, jimbo la Washington, Marekani. Ndugu zetu wengi hapa wanabeba boksi kwenye maghala ya bondeni; mimi natunza wazee usiku. Naandika kwa sababu kila Januari bunge la jimbo letu, lililoko Olympia, linapofunguliwa, muswada mwingine wa silaha unaingia, na sisi tunausikia ukishakuwa sheria.

Januari 2025 ulikuja muswada HB 1163. Ulitaka kila anayenunua silaha apate kwanza kibali cha polisi wa jimbo: alama za vidole, ada, na mafunzo ya kufyatua risasi uwanjani ambayo hayajapitwa na miaka mitano. Kumbuka kwamba hatukuwa jimbo lisilo na sheria. Uchunguzi wa rekodi za kila mnunuzi, hata anayeuziwa na mtu binafsi, wananchi waliupitisha kwa kura 2014. Magazini (kile kisanduku cha risasi) inayobeba risasi zaidi ya 10 ilizuiwa kuuzwa 2022. Mwaka 2023 ikaja marufuku ya kuuza bunduki zinazoitwa za kivita, pamoja na kusubiri siku 10 za kazi na mafunzo ya usalama. Mafunzo hayo niliyafanya na sikuyalalamikia. Niliyasoma kwenye simu, baada ya zamu, mtoto amelala.

Uwanjani huendi kwa simu. Mwanamke anayefanya kazi usiku, hana gari, Kiingereza chake ni cha kuokoteza, na amevunjiwa mlango jana, atafika lini? Kibali chenyewe kinaweza kuchukua siku 30. Mgeni ambaye hajafikisha siku 90 ndani ya jimbo anaweza kusubiri hadi 60. Ndipo zianze siku 10 za dukani. Mwenye pesa na muda atalipa, atakwenda Jumamosi, atamaliza. Sheria ya namna hii inamchuja maskini, na mhalifu haigusi kabisa kwa sababu yeye hapitii dukani.

Basi, ukitaka kupinga, anza kwa kusoma muswada wenyewe. Uko wazi kwenye tovuti ya bunge, pamoja na muhtasari wa lugha nyepesi unaoandikwa na wafanyakazi wa bunge. Nilikuwa nimetumiwa ujumbe wa WhatsApp uliosema polisi watapita nyumba kwa nyumba kukusanya silaha. Nilisoma kurasa zote na sikuliona jambo hilo. Kama ningelisema mbele ya kamati, wangenisahihisha, na hayo mengine ya kweli niliyobeba yasingesikika tena.

Kisha jiandikishe. Kwa kila kikao cha kamati ya bunge cha kusikiliza maoni unaweza kuandika kwamba unapinga bila kusema neno, na msimamo wako ukaingia kwenye kumbukumbu. Fanya hivyo angalau saa moja nzima kabla ya kikao kuanza; ukichelewa hapo mlango umefungwa, ila maandishi unaweza kuyatuma hadi saa 24 baada ya kikao kuanza. Kuzungumza kwa video kunaruhusiwa, huhitaji kusafiri hadi Olympia. Na asiye raia anaruhusiwa kutoa maoni. Hili nalirudia kila ninapokutana na watu wetu, maana wengi wanaogopa. (Kumiliki silaha ni jambo jingine. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kutembea, wakati mwenye grini kadi na mkimbizi sheria hiyo haiwakatazi. Jua karatasi zako zinasema nini kabla hujagusa chochote.)

Maneno yangu ya kwanza yalikuwa kurasa mbili, zote Katiba. Ibara ya kwanza ya katiba ya Washington, kifungu cha 24, inalinda haki ya raia kubeba silaha kujilinda, nami nilikuwa nimekikariri. Mzee mmoja niliyemfahamu kwenye duka la silaha, ambaye amekwenda Olympia miaka mingi, alinisikiliza akaniambia: hayo watayasema wanasheria kumi kabla yako, wewe sema kile ambacho hakuna mwingine anaweza kukisema. Nikafuta kurasa zote. Nikabaki na kipengele kimoja, cha mafunzo ya uwanjani, na choo changu. Dakika moja na nusu.

Aliniambia pia nimjue aliyeleta muswada. Ni mwakilishi Liz Berry wa Seattle, aliyewahi kufanya kazi kwa Gabby Giffords, mbunge aliyepigwa risasi ya kichwa Tucson, Arizona, Januari 8, 2011, siku ambayo watu sita waliuawa. Nilipojua hilo, hasira ilinipungua. Mtu huyo hanichukii. Kikaoni huwa wanakuja wazazi waliozika watoto, na ukiwadharau hata kwa uso tu, umepoteza. Jifunze pia hoja yao nzito kuliko zote, si ile nyepesi. Wanataja Connecticut, iliyoweka kibali kama hiki 1995, na tafiti zilizohusisha sheria hiyo na kupungua kwa mauaji. Mimi nilijibu kwamba uchunguzi, kusubiri na mafunzo tayari tunavyo, na kinachoongezeka ni kikwazo kwa mtu kama mimi.

Baada ya kikao, piga simu. Kila wilaya ya uchaguzi, kati ya 49, ina seneta mmoja na wawakilishi wawili, kwa hiyo una watu watatu wa kuwapigia. Toa jina, mtaa unaoishi, namba ya muswada, na jambo moja unaloomba. Kwangu lilikuwa mafunzo ya jioni, kwa lugha tunazozielewa.

Tulishindwa. Gavana Bob Ferguson alitia saini Mei 20, 2025, na sheria inaanza kutumika Mei 1, 2027. Iliniuma, siku ile nililia kwenye gari kabla ya kuingia kazini. Lakini sheria inaweza kurekebishwa. Naendelea kuwapigia wale watu wangu watatu kuhusu lugha na saa za mafunzo, na nimeshawaandikisha wanawake sita wa kanisani kwetu kwenye taarifa za barua pepe za bunge, ili muswada ukipangiwa kikao wajue siku hiyo hiyo. Mmoja wao ni mama yangu. Anasema yeye ataandika kwamba anaunga mkono. Nilimwonyesha pa kubonyeza.