Tikal: mji mkubwa usio na mto

SWALI: Mhariri, ninafundisha historia ya sekondari hapa Arua. Wanafunzi wameniuliza Wamaya wa Tikal walipata wapi maji ilhali mji wao haukuwa na mto, na kwa nini waliuhama. Wengine wanashikilia kwamba ulitekwa na Wahispania. – Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu, Wahispania waondoe kabisa. Jiwe la mwisho la Tikal lenye tarehe ni la mwaka 869, zaidi ya miaka 600 kabla hawajavuka bahari.

Tikal, kaskazini mwa Guatemala, imekaa juu ya miamba ya chokaa inayopitisha maji, na kiangazi hudumu miezi minne hivi. Kwa hiyo mji wote ulijengwa uvune mvua. Viwanja vilipigwa lipu ya chokaa na kuinamishwa kidogo, maji yakateremkia kwenye mabwawa. Ukuta wa bwawa la Ikulu ulikuwa na urefu wa mita 80 hivi na kimo cha mita 10. Bwawa lilibeba takriban lita milioni 75. Kwenye bwawa la Corriental waliweka hata chujio la mchanga wa kwatzi na zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa vijidudu. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa.

Tatizo lilianzia kwenye kuta. Majengo ya wafalme yalipakwa rangi nyekundu ya sinaba, ambayo ina zebaki, metali yenye sumu, na kila mvua iliiosha kuelekea bwawani. Taka za jikoni nazo zilileta fosforasi, ambayo ni chakula cha mwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta katika matope ya mabwawa ya Ikulu na Hekalu zebaki nyingi pamoja na chembe za urithi za mwani wa kijani-buluu, jamii ya ule unaotanda ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kuchemsha maji hakuondoi zebaki wala sumu ya mwani huo. Wanafunzi wenye matangi nyumbani wataelewa upesi: kilichotua juu ya bati ndicho kinachoingia tangini.

Ukame wa karne ya 9 ukakuta maji ya katikati ya mji yakiwa tayari mabaya. Vita navyo vilichangia kuichosha nchi ile, ingawa mwaka 695 mfalme Jasaw Chan K'awiil wa Tikal alikuwa ameishinda Calakmul, mji hasimu wa Wamaya. Watu waliondoka kidogo kidogo. Wamaya wenyewe hawakutoweka. Mamilioni yao wako Guatemala na Mexico hadi leo.