Ulaya Wakibadili Saa, Mashine ya Kidole Malindi Isidanganye

Kenya haibadili saa, na hapa karibu na ikweta hakuna sababu: mchana mrefu kabisa wa Malindi na mfupi kabisa havipishani hata nusu saa. Ila mji huu unapata riziki kwa Waitaliano, nao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, wakairudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 ni 29 Machi na 25 Oktoba, saa kumi alfajiri kwetu. Wakati wa kaskazi Roma iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kusi ikivuma, saa moja.

Balaa kubwa ni mashine ya kidole pale langoni pa hoteli, ile inayosajili wafanyakazi wanapoingia na kutoka. Fundi akiifunga Julai na kuiwekea majira ya Athens badala ya Nairobi, hakuna atakayeshtuka, maana Athens wakati huo iko sawa na sisi. Oktoba inajirudisha nyuma saa nzima. Askari aliyeingia Jumamosi ya kuamkia badiliko saa 12 jioni akatoka saa 12 asubuhi anahesabiwa saa 11 za kazi, si 12. Mpishi aliyechelewa nusu saa Jumatatu anaonekana kawahi.

Weka Nairobi, UTC+3, na uzime kipengele cha kubadili saa kwa msimu. Kisha kagua kompyuta ya ofisini vilevile, kwani mashine nyingi huchukua saa kutoka huko kila zinapounganishwa. Ukiiacha, kosa litarudi. Usiguse saa kabla ya kupakua rekodi. Zilizokwisha kuingia hazijirekebishi, na bila kujua rekodi mbovu zinaishia wapi utalipa watu kwa kubahatisha. Pakua, andika kwenye daftari la lango siku na dakika ya marekebisho, ndipo usogeze. Kosa likiwa la saa moja kamili, tatizo ni majira. Ikipotea dakika kadhaa, au ikirudi mwaka 2000 umeme ukikatika, badilisha betri ya ndani.

Wanaopokea oda za vyumba wana shida nyingine. Ofisi ya Milano ikifunga 18:00, kwetu ni saa moja usiku. Kuanzia mwisho wa Oktoba ni saa mbili. Anayelazimika kubaki mpaka wafunge anaongezewa saa ya giza, na nauli ya tuktuk hadi mtaani Muyeye iwe juu ya hoteli, kwa maoni yetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka badiliko la saa za kazi lijadiliwe na mfanyakazi, kisha aandikiwe. Barua itoke mapema Oktoba.

Kwenye ratiba andika 09:00, si “saa tatu”. Meneja mgeni akiambiwa saa tatu hufika alasiri. Mkutano wa kila wiki na Milano uwekwe kwenye kalenda kwa saa za Roma, la sivyo Machi wao watakaa wanawasubiri nyinyi saa nzima.