Dawa ya virusi, mara nyingine tena

Nyanya zangu zimejikunja majani na kudumaa. Nipulize dawa gani?

Hakuna. Kila mara swali hili linarudi, zao tu ndilo limebadilika. Mmea ukishaingiwa na virusi hauponi. Dawa ya ukungu haivigusi, mbolea ya majani haivigusi, na anayekuuzia "dawa ya virusi" anakula hela yako. Ila kagua kwanza: shamba zima likijikunja kwa siku moja, shuku dawa ya magugu au joto. Virusi huanza kwa mmea mmoja hapa, mwingine kule. Geuza jani pia, huenda ni utitiri, vidudu vidogo sana vinavyonyonya majani.

Napulizia kiuadudu kila wiki, mbona maboga bado yanapata batobato, ule ugonjwa wa virusi wa mabaka ya kijani na njano majanini?

Kwa sababu sumu inachelewa. Kidukari, mdudu mdogo anayenyonya utomvu, huchukua virusi hivi kwa kuonja jani sekunde chache, na huviacha kwenye mmea unaofuata kwa muda huohuo. Atakufa, ndiyo, lakini ameshaambukiza. Sumu nyingine humkera tu akazidi kuhama mmea hadi mmea. Zungushia shamba safu kadhaa za mahindi, zipandwe mapema ziwe ndefu kuliko maboga: kidukari akitua na kuonja humo kwanza, virusi vilivyo mdomoni mwake vinaishia huko. Matandazo ya plastiki ya rangi ya fedha nayo humpoteza njia.

Nzi mweupe na ugonjwa wa nyanya kujikunja majani ni habari nyingine. Huyu hunyonya kwa dakika nyingi, kisha hupita saa kadhaa kabla hajaweza kuambukiza, na akishabeba virusi hubaki navyo kwa wiki nyingi. Hapo kiuadudu kina kazi, hasa kitaluni, mradi ubadilishe kundi la sumu, yaani namna inavyoua, na siyo jina la chupa. Hata hivyo chandarua chenye matundu ya kama robo milimita, kikifungwa tangu siku ya kusia mbegu, kinakushinda wewe na bomba lako.

Nikila nyanya yenye virusi nitaugua?

La.

Nang'oa mimea yote yenye batobato lakini ugonjwa unazidi.

Unausambaza mwenyewe. Ukikokota mmea uliojaa nzi weupe katikati ya mistari, wanarukia majirani. Pulizia kwanza, ufunike kwa mfuko, ndipo ung'oe. Na kama ni batobato ya tumbaku kwenye nyanya au pilipili, haihitaji mdudu: utomvu kwenye vidole, kisu na nguo unatosha. Spiriti haiaminiki hapa. Chovya kisu kwa dakika moja kwenye klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyo. Mikono ichovye kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 200 kwa lita ya maji, kila unapohama mmea. Mimea mizima ihudumiwe kwanza, migonjwa mwisho. Wavutaji sigara wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa mche wowote. Tumbaku ya sigara inaweza kubeba kirusi hicho.

Nitachaguaje pingili safi za muhogo baada ya kuvuna?

Umechelewa. Chagua na uweke alama mashina yangali na majani. Batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu, dalili za ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye yale ya chini yaliyokomaa, na hayo ndiyo hupukutika mapema. Wakati wa kuvuna pasua mizizi ya kila shina lenye alama: ukikuta uozo mkavu wa kahawia ndani, shina hilo lisipandwe, hata liwe zuri namna gani.