Kauri yenye pete mgongoni, na kwa nini siki imeua mng'ao

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kauri zako, yaani magamba ya konokono wa baharini, zenye pete ndizo zile za fedha za kale, na kwa nini zimefifia baada ya kulowekwa kwenye siki.

Zenye pete ya rangi ya chungwa ni Monetaria annulus. Ile inayoitwa kauri ya fedha hasa ni Monetaria moneta, ya njano, yenye vinundu pembeni. Usiamue kwa pete tu, kwani baadhi ya moneta nazo zina mstari hafifu wa chungwa. Pitisha kidole ukingoni: annulus ni ya mviringo, laini, moneta ina pembepembe. Fedha zilikuwa zote mbili. Moneta zilitoka zaidi Maldivi, na katika karne ya 19 annulus za Zanzibar zilimiminwa Afrika Magharibi kwa wingi kiasi cha kuishusha thamani ya kauri zote.

Sasa mng'ao. Konokono huyu akiwa hai hulifunika gamba kwa nyama yake laini kutoka pande zote mbili, na nyama hiyo ndiyo inayotandaza tabaka la juu linalong'aa. Akishakomaa na mdomo kuota meno, gamba halirefuki tena, linanenepa tu. Kwa hiyo ukubwa hauonyeshi umri. Mdomo mpana, mwembamba, usio na meno ndio alama ya konokono mchanga.

Gamba ni kalsiamu kabonati. Siki, ndimu au asidi yoyote huliyeyusha kuanzia juu, yaani palepale penye mng'ao. Ukiona zambarau imejitokeza mgongoni, tabaka la juu limeshaisha, na hakuna dawa ya kulirudisha. Dawa za klorini nazo uziache, na usichemshe: joto la ghafla huleta nyufa.

Zilizobaki, chukua zile tupu, zisizo na kaa ndani, uloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na ubadilishe kila siku mpaka harufu iishe. Kama kuna mabaki ya nyama, laza mdomo ukiangalia chini, kwa sababu maji ya uozo yakituama mgongoni huacha doa. Sugua kwa mswaki laini na sabuni kidogo, anika kivulini. Tone la mafuta ya watoto huzifanya zionekane mbichi, lakini hayo ni mapambo tu. Kwa zile zilizoliwa na siki, yakikauka ufifu unarudi.