Fundi, saa ya babu imesimama, naweza kuifungua mwenyewe?

SWALI: Habari za kazi fundi. Babu kafariki mwaka jana akaniachia saa yake ya Uswisi ya kujaza kwa mkono, ya vito 17, vile vijiwe vya ndani vinavyoshika ncha za magurudumu. Nikiijaza inatembea kama dakika ishirini inasimama, nikiitikisa inatembea tena. Jirani kaniambia nidondoshee mafuta ya cherehani humo ndani. Sijasomea ufundi ila hizi kazi nazipenda sana, bisibisi ndogo nimeshanunua. Nianzie wapi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole sana kwa msiba mdogo wangu. Mafuta ya cherehani usiweke hata tone, yanasambaa kila sehemu, yanashika vumbi na pale yanapotakiwa hayakai. Saa za hivyo nyingi zinapiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kila sekunde, kwa siku nzima ni 432,000, na nguvu yote hiyo inatoka kwenye springi moja tu, sasa mafuta ya zamani yakishakauka yakawa kama gundi nguvu haifiki mwisho, ndo maana ukiitikisa inasogea kidogo halafu basi. Kwa maelezo yako naona ni uchafu, saa haijafa. Ila acha kuijaza, ikitembea kavu inajila.

Na usianze na ya babu, nakuomba kabisa. Nenda Kariakoo, mafundi saa wa pale nje wana makopo ya saa mbovu, muombe mmoja akuuzie ya kujaza ambayo hana kazi nayo, hiyo ndo ya kujifunzia.

Kazi fanya alfajiri. Feni zima, maana kuna viskrubu vidogo kuliko punje ya mchele vinapeperuka hivi hivi, na ukingoja mchana jasho la Dar linadondoka kwenye mashine na chumvi yake inaleta kutu. Tandika karatasi nyeupe kwenye sinia lenye ukingo, shika vitu kwa kibanio, vidole mbali. Ukishatoa mfuniko wa nyuma, kabla hujalegeza skrubu yoyote ya mashine toa nguvu kwanza: shika kile kitufe cha kujazia, sukuma pembeni kijino kinachozuia gurudumu la springi, halafu kiachie kitufe kizunguke taratibu katikati ya vidole mpaka kitulie. Mimi saa yangu ya kwanza niliruka hii hatua, magurudumu yakazunguka yote kwa mkupuo na jino moja likakatika, iliniuma sana maana ilikuwa nzima.

Kila unachotoa piga picha na simu, kabla na baada.

Kusafisha watu wanakimbilia spiriti, sawa kwa magurudumu, ila ile nanga, kipande kidogo chenye vijiwe viwili kinachoachia gurudumu jino moja moja, usiitumbukize, vijiwe vimeshikiwa na gundi ya shelaki na spiriti inaiyeyusha. Tumia mafuta ya laita ya pamba, dirisha wazi, mbali na jiko.

Kingine, kama namba za saa ya babu zina rangi ya kung'aa gizani usiikwangue, nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiumu, madini yenye mionzi, na vumbi lake ni sumu ukilivuta.

Ile mbovu ukishaifungua na kuifunga mara tatu na bado inatembea, niandikie tena ndo tuongee mafuta gani yanaenda wapi kwenye ya babu.