Barua kwa mwanangu: Hatimkato ya nini siku hizi?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, baba yako mafua yameshamwachia. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umepata nafasi ya kusoma uhazili, yaani kazi ya ukatibu wa ofisi, lakini umeona kuna somo la hatimkato, yale maandishi ya alama fupi ya kunasa maneno mtu akiwa anasema, ukavunjika moyo. "Mama, hatimkato ya nini siku hizi, wakati simu inarekodi na kompyuta inaandika yenyewe? Si bora nichukue kozi ya kompyuta ya miezi mitatu nibaki hapa stesheneri?" Nilitaka kukupigia, nikaona hapana, hili nitakuandikia.

Kwanza lililo wazi. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya nafasi ya katibu mahsusi, ambayo siku hizi inaitwa mwandishi mwendesha ofisi. Utakuta sharti la miaka nenda rudi: awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja. Baada ya hapo ndipo zinatajwa programu za kompyuta. Kozi yako ya miezi mitatu itakupa hizo programu tu, na nafasi za halmashauri na wizara utabaki kuzisoma kwenye simu.

Lakini hata sharti hilo likifutwa kesho, bado ningekwambia ukasome. Ngoja nikueleze hatimkato yenyewe ikoje, maana nadhani hakuna aliyewahi kukuonyesha. P ni kistari chembamba kilichoinama. Ukandamize penseli kidogo kiwe kinene, imekuwa B. T imesimama wima, nyembamba. Ikinenepa ni D. Irabu ni vinukta na vistari vidogo pembeni, na imla ikishika kasi unaviacha, huna muda navyo. Sasa chukua Kiswahili chetu, ambacho kila neno limejaa irabu. Pata, pita, pete, pote: mifupa yake ni ile ile, P na T. Pale Tabora nilikosoma, enzi hizo kikiitwa Chuo cha Uhazili, kabla hakijawa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, mwalimu alikuwa akisoma imla huku saa iko mkononi, halafu tunakwenda kuchapa. Unakaa mbele ya taipureta, unaitazama P na T yako, na kinachokuokoa ni kwamba ulikuwa unafuata kilichosemwa. Kama ulikuwa unaandika tu bila kuelewa, daftari zima ni mikwaruzo.

Hicho ndicho kinachofundishwa, mwanangu: kusikiliza mpaka uelewe, mkono ukiwa unakimbia.

Simu irekodi, sikatai. Lakini kikao cha saa tatu kikirekodiwa, unachopata ni saa tatu nyingine za kusikiliza. Bado anatakiwa mtu wa kujua lipi lilikuwa azimio na lipi mjumbe alikuwa anapoza hasira tu, nani kapewa kazi gani na mpaka lini. Wewe unajua mkubwa akisema "haya, tutaona" amekusudia nini. Hiyo ni hapana, kaisema kwa adabu. Nimesoma muhtasari ulioandaliwa na hizi programu za akili mnemba, "tutaona" ya mwenyekiti ikaingia humo kuwa kikao kimekubali. Na kikao cha nidhamu, ambapo jina la mtu linazungumzwa mlango umefungwa, sauti ile ukishairekodi inakwenda kukaa wapi?

Kuna na masijala, chumba cha kutunzia majalada na barua za ofisi, ambayo wengi huiona adhabu. Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa pili kazini, barua ya madai ya mzee mmoja mstaafu niliifunga kwenye jalada la mtu mwingine. Majina yalifanana, nilitazama jina, sikutazama namba. Mzee yule alikuja mara tatu kutoka kijijini, anakaa kwenye benchi la mlangoni na kofia yake ya kijani mapajani, na mara mbili nilimjibu kwa mdomo wangu kwamba barua yake haijafika. Mara ya tatu akatoa mfukoni nakala iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na muhuri wetu, tarehe, na saini yangu. Niligeuza majalada mpaka saa kumi ndipo nikaipata, folio ya 14 kwenye jalada lisilo lake. Hakunifokea. Alisema, "Ahsante, binti yangu," akaenda kuwahi basi. Nauli ya safari tatu, na miezi yote ile bila hela yake. Toka siku hiyo nasoma kumbukumbu namba kwanza, jina baadaye, na nilifanya hivyo mpaka nastaafu.

Kwa hiyo usinidharaulie kazi hii kwa sababu watu wanaiita ya kuchapa na kuchemsha chai. Na wewe umeshaianza. Si ulinisimulia yule mama aliyekuja hapo stesheneri kuchapiwa barua ya kuomba uhamisho, ukamuuliza maswali matano kabla hujagusa kibodi? Nilifurahi sana siku ile, ila sikukwambia.

Chuo cha Utumishi wa Umma kina matawi Magogoni jijini Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Vipo na vya binafsi. Popote utakapokwenda, kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Anza ngazi ya 4, uende ya 5, na usiishie hapo kama nguvu ipo. Stashahada ni ya 6. Ada tutasaidiana, nimeshaongea na baba yako.

Jumapili jioni nitakupigia kwa video. Uwe na karatasi yenye mistari na penseli uliyoichonga vizuri. Tutaanza na P na B.

Ni mimi mama yako