Kipimo cha mkojo cha haraka kwa mwanaume: kinaona nini?

Kaka, umeuliza kama kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinatosha kujua una kisonono au klamidia, magonjwa mawili ya zinaa. Hakitoshi. Kijiti kinaonyesha chembe nyeupe za damu, yaani kuna uvimbe au maambukizi mahali fulani kwenye njia ya mkojo. Mdudu gani, hakisemi. Wengi wameandikiwa "UTI" (maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo) hapo hapo, wakameza dawa isiyo yake.

Kipimo cha maana ni kile kinachotafuta vinasaba vya vijidudu wenyewe. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, ikiwekewa katriji yake (kikasha kidogo cha kipimo hicho) inatoa majibu ya klamidia na kisonono kwa dakika 90 hivi. Uliza kabla ya kwenda, maana mashine inaweza kuwepo na katriji haipo.

Halafu wengi hukosea mkojo wenyewe. Hapa unataka ule wa mwanzo kabisa, kama mililita 20 hadi 30, si wa katikati kama kwenye UTI. Usiwe umekojoa kwa angalau saa moja kabla. Na kama ulifanya ngono bila kinga juzi tu, majibu safi ya leo si ya kuamini sana. Rudia baada ya wiki 2.

Kaswende na VVU ni damu, mkojo huu hautakuambia. Ukiona usaha unatoka, usisubiri mashine, nenda kliniki leo, na mwenzi wako naye atibiwe.